Fundi Aliyejituma: Juu ya Majengo na Bustani za Watu Wasiosomea Ujenzi, na Majina Yafaayo Kazi Hizo

Pana aina ya kazi za mikono ambayo lugha yetu haijaipa jina, ingawa imekwisha kupewa majina mengi katika lugha za watu wengine. Ni kazi ya mtu ambaye, bila kusomea usanifu wa majengo chuoni, bila kuagizwa na mtu, na mara nyingi bila ramani wala ruhusa, hujenga kasri, au minara, au bustani yenye masanamu, kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka pale alipojenga pakawa mahali pa kuzuriwa na watu kutoka mbali. Kazi za namna hiyo zipo Ufaransa, Marekani, Bara Hindi, Afrika ya Kusini na penginepo. Anayetaka kuziandika kwa Kiswahili hujikuta hana neno, naye huelekea kutafsiri lile alilolikuta katika Kiingereza au Kifaransa. Makala haya yataka kuonyesha kwamba kutafsiri huko si jambo dogo. Jina lina hukumu ndani yake. Na katika habari hizi hukumu ya jina imekuwa na sehemu kubwa katika kuamua kama jengo litabaki au litabomolewa, na kama fundi wake atakumbukwa au atasahauliwa.

Nitazitazama kazi nne: Palais Idéal ya Ferdinand Cheval katika kijiji cha Hauterives, Ufaransa, minara ya Simon Rodia katika mtaa wa Watts, Los Angeles, Bustani ya Mawe ya Nek Chand huko Chandigarh, na Nyumba ya Bundi ya Helen Martins huko Nieu-Bethesda, Afrika ya Kusini. Nimezichagua kwa kuwa habari zake zajulikana vema, na kwa kuwa kila moja yaonyesha upungufu wake wa majina yaliyopo.

Yafaa kwanza tuyatazame majina hayo. Mwaka 1945 mchoraji Mfaransa Jean Dubuffet alianza kukusanya kazi za watu waliokuwa mbali na vyuo vya sanaa, wengi wao wakiwa wagonjwa wa akili au wafungwa, akaziita kwa jina la Kifaransa ambalo kwetu laweza kufasiriwa kuwa “sanaa mbichi”, yaani ile isiyopikwa na utamaduni wa wasomi. Mwaka 1972 Roger Cardinal, mwalimu wa chuo kikuu huko Uingereza, alitoa kitabu juu ya jambo hilo hilo, na jina lake la Kiingereza lilimaanisha “sanaa ya watu wa nje”. Jina hilo la pili ndilo lililoenea zaidi. Mbali na hayo mawili, watu husema pia “sanaa ya waliojifundisha wenyewe”, nalo ndilo jina lionekanalo kuwa la upole kuliko yote.

Wenye kuyatunga majina hayo hawakuwa na nia mbaya. Dubuffet aliwapenda watu aliowakusanyia kazi, na Cardinal alitaka wathaminiwe. Lakini tazama yale majina yapima nini. La kwanza lapima hali ya akili ya mtu na umbali wake na wasomi. La pili lapima mahali asimamapo mtu, ndani au nje ya mlango. La tatu lapima shule aliyokwenda au asiyokwenda. Hapana hata moja linalopima ukuta. Msomaji aliyelisikia jina amekwisha kuambiwa habari za mjenzi kabla hajaambiwa neno juu ya jengo, naye hulitazama jengo kama dalili ya mtu fulani wa ajabu, si kama kazi iliyofanywa vema au vibaya. Huo ndio upungufu wa kwanza, nao hauponi kwa kutafsiriwa.

Upungufu wa pili hudhihirika pale jina la tatu litakapovishwa Kiswahili. Tukisema “mtu aliyejifunza mwenyewe”, tumesema nini? Kitenzi chetu cha kupata maarifa ni kujifunza. Shina lake ni funza, na kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake, kama katika kujiosha na kujitetea. Kwa umbo lake, basi, kila ajifunzaye kwa Kiswahili anajifundisha nafsi yake, awe ameketi mbele ya mwalimu au amesimama peke yake juu ya shimo la chokaa. Na shina hilo ni ndugu wa funda na fundisha, na katika ukoo huo huo amezaliwa fundi. Katika lugha hii fundi na mwanafunzi ni watu wa nyumba moja, na mlango uwatengao si shule bali ni ustadi.

Najua atakayesema kwamba maana ya neno haikai katika asili yake, bali katika matumizi yake, na kwamba mchunguzi wa lugha hapaswi kuvua hoja kutoka katika mizizi ya maneno. Ni kweli, na kwa hiyo tuyatazame matumizi. Mtu akimtafuta fundi wa saa, au fundi cherehani, au mwashi wa kumjengea ukuta, haulizi cheti, huuliza, “Kazi yake ukiiona?” Na akitaka kumtukana, hasemi kwamba hakusoma, husema kwamba analipua kazi. Sifa na lawama zote mbili hushikamana na kile kilichotoka mikononi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hiyo husemwa kwa kuonya, lakini ndani yake mna ukiri kwamba ulimwengu nao ni mwalimu. Neno fundi, basi, latupa kipimo ambacho yale majina matatu hayana. Na tukipime sasa juu ya zile kazi nne.

Ferdinand Cheval alizaliwa mwaka 1836 katika jimbo la Drôme. Aliwahi kuwa mwoka mikate, kisha mwaka 1867 akawa tarishi wa posta, akipeleka barua kwa miguu katika vijiji vya milimani. Mwezi wa Aprili 1879, akiwa na umri wa miaka 43, alijikwaa juu ya jiwe lenye umbo la ajabu, akaliokota, na kesho yake akarudi kutafuta mengine. Aliyakusanya mawe katika safari zake za barua, kisha akayarudia kwa toroli, na usiku akajenga kwa mwanga wa taa. Alimaliza mwaka 1912, na katika ukuta ameandika hesabu yake: miaka 33, siku 10,000, saa 93,000. Jengo lina urefu wa mita 26 hivi, nalo limefanywa kwa mawe, chokaa, saruji na vyuma.

Wanaomwandika kwa jina la “mtu wa nje” husimulia jiwe la kujikwaa kana kwamba kasri lilichipuka palepale. Lakini Cheval hakuwa mtu asiye na walimu. Alipeleka barua katika zama ambazo kadi zenye picha na magazeti yenye michoro yalianza kufika vijijini, na upande wa magharibi wa jengo lake twaona mlitokea walimu hao: upo msikiti, lipo hekalu la Kihindu, ipo nyumba ya milima ya Uswisi, ipo hata Ikulu ya Marekani. Na hapa mhakiki yampasa aseme wazi kwamba upande huo ndio dhaifu. Majengo yale madogo yamesimama kwa mstari kama vikombe kabatini. Fundi anaiga picha, na mkono wake umekuwa mgumu kwa kuiga. Nenda upande wa mashariki, alikoanzia kazi. Huko hapana picha anayoiandama. Mawe yenyewe ndiyo yanayomwongoza. Yamepangwa yakafuatana kama mizizi na matumbawe, na majitu matatu marefu, Kaisari, Vercingetorix na Archimedes, yamesimama yakilinda, wembamba wao ukiwa wa kustaajabisha kwa kazi ya saruji. Kule fundi alikuwa akijifunza kwa vitu alivyovishika, huku alikuwa akijifunza kwa vitu alivyovisikia. Tofauti ya ubora kati ya pande mbili za jengo moja la mtu mmoja haiwezi kuelezwa kwa jina lolote linalomhusu mtu. Huelezwa kwa namna ya kazi tu.

Cheval alitaka azikwe ndani ya kasri lake, hakuruhusiwa. Akatumia miaka mingine 8 kujenga kaburi lake katika makaburi ya kijiji, akalimaliza mwaka 1922, akafariki mwaka 1924. Jengo lenyewe lilibishaniwa muda mrefu. Palikuwa na wakubwa serikalini walioliona kuwa ni kitu cha kuchukiza kisichostahili ulinzi, na mwaka 1969 tu, kwa jitihada za André Malraux aliyekuwa Waziri wa Utamaduni, likaandikwa kuwa ukumbusho wa taifa. Walioligombania na waliolipinga walibishana juu ya jina lake: ni sanaa au si sanaa? Cheval mwenyewe alikwisha kujibu kwa njia nyingine. Ndani ya kasri alilijengea toroli lake kijumba cha heshima, na akaliandikia maneno ya kulisifu kuwa ni mwenzi wa taabu yake. Mtu anayekipa chombo chake cha kazi mahali pa heshima kiasi hicho ametuambia ajionavyo: ni fundi.

Tutoke Ufaransa twende Los Angeles, ambako hukumu haikutolewa na wizara ya utamaduni, bali na idara ya ujenzi. Sabato Rodia, aliyejulikana kwa jina la Simon, alizaliwa Italia ya kusini mwaka 1879, akafika Marekani akiwa kijana, akafanya kazi za migodini, za ujenzi na za kubandika vigae. Mwaka 1921 alinunua kiwanja chembamba chenye pembe tatu katika mtaa wa Watts, kando ya reli, na kwa miaka 33 akajenga humo vitu 17 vilivyoungana, mrefu wao ukifika mita 30 hivi. Mwaka 1954 alimwachia jirani kiwanja chote, akaondoka, asirudi. Alifariki mwezi wa Julai 1965.

Ufundi wake waweza kuelezwa kwa maneno machache. Alizipinda nondo kwa kuzibana chini ya chuma cha reli, akaziunganisha kwa kuzifunga waya, akaziviringishia wavu wa waya, akazipaka saruji kwa mkono, na saruji ikiwa ingali mbichi akapachika vipande vya vyombo vya kaure, vigae, chupa na makome. Hakuchomelea, hakutumia misumari ya kufungia vyuma, wala hakujenga jukwaa. Alipanda juu ya kile alichokwisha kukijenga, akijifunga mshipi kama ule wa wasafisha madirisha. Kila pete ya mnara ilikuwa ngazi ya pete iliyofuata. Kwa hiyo umbo la minara ile si pambo lililobuniwa kisha likajengwa. Ni namna ya kupanda iliyobaki baada ya mpandaji kushuka.

Walimu wake nao watajwe. Kazi ya vigae ilimfundisha kubandika kaure juu ya saruji. Na wachunguzi wameilinganisha minara yake na ile minara mirefu ya miti inayobebwa mabegani kila mwaka katika sikukuu ya mji wa Nola, usio mbali na alikozaliwa. Kama ulinganisho huo ni wa haki, basi “mtu wa nje” huyu alikuwa ndani kabisa ya desturi ya kwao. Walioandika juu yake ndio waliokuwa nje.

Baada ya Rodia kuondoka, idara ya ujenzi ya mji iliamuru minara ibomolewe kwa kuwa ni hatari kwa watu. Hoja yake ilikuwa ile ile ya jina: kitu kilichojengwa na mtu asiye mhandisi, bila hesabu zilizoandikwa, hakiwezi kuwa imara. Mwaka 1959 vijana wawili, Nicholas King na William Cartwright, walikinunua kiwanja, na mhandisi Bud Goldstone akapendekeza njia ya kumaliza ubishi: mnara uvutwe. Tarehe 10 Oktoba 1959, mbele ya watu wengi, mnara mrefu ulivutwa kwa upande kwa nguvu ya ratili 10,000, yaani kilo 4,500 hivi. Chuma cha kuvutia ndicho kilichoanza kupinda, mnara haukuanguka. Amri ya kubomoa ikafutwa, na mwaka 1990 minara ikatangazwa kuwa ukumbusho wa historia ya taifa. Nadhani hiyo ndiyo siku kazi ya namna hii ilipopata mhakiki wake mwadilifu. Goldstone hakuuliza mjenzi ni nani. Aliuliza lile swali la Kiswahili: kazi yake ikoje?

Hapa wasomaji wa pwani yetu watakumbuka jambo. Kupachika kaure katika lipu mbichi si kitendo kigeni kwetu. Makaburi ya nguzo ya Kunduchi na ya Mambrui yalipambwa hivyo kwa mabakuli na sahani kutoka China, na ingawa vyombo vingi vimekwisha kung'olewa na wezi, mashimo yake ya duara yangali yaonekana. Sidai kwamba pana uhusiano wa kihistoria kati ya Kunduchi na Watts, haupo. Nauliza tu: ikiwa tendo la mkono ni lile lile, kwa nini mmoja aitwe mwashi wa makaburi na mwingine aitwe mtu wa nje? Hapana ajuaye waashi wa Kunduchi walifunzwa wapi, wala hapana aulizaye. Tofauti haipo katika kujifunza. Ipo mahali pengine, nami nitaifikia baada ya kuzitazama kazi mbili zilizobaki.

Nek Chand alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji ambacho sasa kimo Pakistan. Mgawanyiko wa Bara Hindi mwaka 1947 ulimfanya mkimbizi, na baadaye akaajiriwa kuwa msimamizi wa barabara katika idara ya ujenzi huko Chandigarh, mji mpya uliopangwa na msanifu mashuhuri Le Corbusier. Ili mji ule ujengwe, vijiji vilivyokuwapo vilibomolewa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Nek Chand aliyakusanya mabaki ya vijiji hivyo pamoja na taka za mji mpya, bangili zilizovunjika, vyombo vya udongo, vifaa vya umeme, akavichukua kwa siri mpaka katika msitu wa serikali ambamo ujenzi ulikatazwa, akafanya humo masanamu kwa mamia. Wakubwa waliigundua bustani katikati ya miaka ya 1970. Kwa sheria ilikuwa ni haramu, nayo ilipasa kubomolewa. Wananchi walipoipenda, serikali iligeuza neno: mwaka 1976 bustani ilifunguliwa kwa watu wote, na mjenzi akapewa mshahara, cheo cha uhandisi na wafanyakazi 50.

Tazama jinsi jina lilivyotenda kazi. Vitu ni vile vile, mahali ni pale pale. Jana ni uvamizi wa ardhi, leo ni Bustani ya Mawe. Lakini mhakiki asiishie katika furaha hiyo. Sehemu za mwanzo, zile za siri, zina njia nyembamba na milango mifupi inayomlazimu mgeni kuinama, na masanamu yake yamesimama kwa makundi kama wanakijiji waliosubiri kuitwa. Mtu aonaye kwamba bangili zile zilivaliwa katika vijiji vilivyovunjwa ataelewa kwamba ile ni hoja dhidi ya mji ulionyooka wa Le Corbusier, hoja iliyotolewa bila maneno. Sehemu za baadaye, zenye matao makubwa na maporomoko ya maji, zilijengwa kwa fedha na vibarua vya serikali; zina ukubwa, lakini ile hoja imefifia. Fundi aliyepewa cheo alikuwa na uwezo zaidi na haja kidogo. Kusema hivyo si kumvunjia heshima. Ni kumtendea kama tuwatendeavyo mafundi wote.

Wala jina jema halikutosha kuilinda kazi. Mnamo mwaka 1990 matingatinga yalikuja kukata barabara ndani ya bustani, na wananchi wakasimama wakashikana mikono mbele yake mpaka yakarudi. Nek Chand alifariki mwaka 2015. Mwaka 2025 sehemu ya ukuta wa bustani ilibomolewa ili kupanua barabara karibu na Mahakama Kuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Lakini ukuta uliobomolewa kwa makusudi haujengwi tena kwa methali.

Kazi ya nne ndiyo inayotia jina la “mwenyewe” katika mtihani mkubwa kuliko zote. Helen Martins alizaliwa Nieu-Bethesda mwaka 1897, akasomea ualimu, akarudi kijijini kuwauguza wazazi wake, na baada ya kufiwa nao akaanza kuibadili nyumba. Kuta na dari za ndani alizipaka vioo vya rangi vilivyosagwa, hata taa ikiwashwa nyumba huwaka kama kaa la moto. Uani mna masanamu ya saruji zaidi ya 300, bundi, ngamia na mahujaji, wengi wakielekea mashariki. Alifariki mwaka 1976. Mwandishi Athol Fugard alimfanyia tamthilia, The Road to Mecca, iliyochezwa kwanza mwaka 1984, na kwa hiyo Helen Martins akajulikana duniani kuwa mwanamke mpweke aliyeumba ulimwengu wake peke yake.

Lakini hakuwa peke yake. Mawazo yalikuwa yake, na kazi ya vioo alikuwa na mkono wake ndani yake. Masanamu mengi ya uani yalifanywa na mikono ya mafundi aliowalipa, na mkubwa wao alikuwa Koos Malgas, mtu aliyekuwa akiishi kwa kukata manyoya ya kondoo na kazi za kibarua. Aliifanya kazi hiyo tangu mwaka 1964 mpaka mwaka 1976. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi za wakati ule, mwanamke mzungu na fundi asiye mzungu kufanya kazi pamoja kila siku lilikuwa jambo la kuchongewa na majirani. Katika tamthilia ya Fugard wanaopanda jukwaani ni watu watatu, na hapana fundi miongoni mwao. Mwaka 1991 Malgas alirudi kuyatengeneza masanamu yaliyoharibika, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua yalivyofanywa. Alifariki mwaka 2000.

Twaona basi kwamba lile jina la upole, “aliyejifundisha mwenyewe”, latenda hapa dhuluma ya waziwazi. Linahitaji mtu mmoja, mpweke, wa ajabu. Nalo likikuta watu wawili humfuta mmoja. Na ni dhahiri ni yupi atakayefutwa. Malgas hakusomea uchongaji popote, kwa hiyo kwa kipimo cha jina lenyewe alistahili kuitwa hivyo kuliko Martins aliyesomea ualimu. Hakuitwa, kwa kuwa jina halikuwa likitafuta fundi. Lilikuwa likitafuta hadithi. Neno letu fundi lisingeweza kumfuta. Kiswahili kikiuliza ni nani aliyelifanya sanamu hili, jibu ni Malgas. Kikiuliza ni nani aliyemtuma, jibu ni Martins. Nao wote wawili wana heshima yao.

Swali hilo la pili ndilo lile nililoliahirisha. Atakuwapo msomaji atakayesema: ikiwa wote hawa ni mafundi tu, tumepoteza kile kinachowatenga na waashi wa kila siku, na bila shaka kipo kinachowatenga. Nakubali kwamba kipo. Lakini hakimo katika kufunzwa, kwa maana wote tumeona walifunzwa: Cheval na mawe yake, Rodia na vigae vyake, Nek Chand na barabara zake, Malgas na saruji yake. Kimo katika kutumwa. Fundi wa kawaida hutumwa. Ana tajiri aliyemwagiza, na kazi yake huanza na neno la mwingine na huisha kwa malipo. Waashi wa Kunduchi walitumwa na jamaa za marehemu. Cheval alitumwa na posta mchana kutwa, lakini usiku hapana aliyemtuma. Rodia hakuwa na mteja kwa miaka 33.

Kwa jambo hilo Kiswahili kina neno tayari, wala hatuna haja ya kubuni. Katika ukoo wa tuma, uliotupa mtume, mtumwa na mtumishi, limo pia jituma: kufanya kazi kwa bidii bila kusimamiwa wala kusukumwa. Twalitumia kila siku kumsifu mwanafunzi au mkulima. Napendekeza tuliite kundi hili “kazi za kujituma”, na mwenyewe “fundi aliyejituma”. Jina hilo lina faida tatu. Halisemi neno juu ya akili ya mtu, wala shule yake, wala kabila lake. Lamwacha awe fundi, na kwa hiyo lamruhusu mhakiki amsifu na amlaumu kwa kazi. Na halidai upweke: fundi aliyejituma aweza kumtuma mwenzake, na hapo yatupasa kuwaandika wote wawili.

Upungufu wake pia usifichwe. Jituma lina harufu ya sifa njema, na mtu aweza kujituma akajenga kitu kibaya. Lakini sifa hiyo ni ya bidii, si ya uzuri, na bidii haina ubishi katika kazi ya miaka 33. Uzuri wabaki kuthibitishwa na jengo.

Neno langu la mwisho ni kwa watafiti vijana wa lugha na sanaa. Nchini mwetu pia mtakutana na kazi za kujituma, pengine uani kwa mtu msiyemdhania. Mkizikuta, andikeni mambo matatu kabla ya yote: vitu vilivyotumika na namna vilivyounganishwa, kwa maneno ya fundi mwenyewe, majina ya wote waliotia mkono, pamoja na msaidizi aliyechanganya saruji, na ni nani aliyemtuma nani. Habari za maisha ya mtu na maajabu yake zije baadaye. Simulizi haikosi msimulizi. Lakini namna ya kufunga waya na kipimo cha chokaa hufa pamoja na fundi, na Nieu-Bethesda ilipotaka kuyatengeneza masanamu yake ililazimika kumtafuta mtu mmoja aliyekuwa angali hai.